Herufi mbili za damu: mwongozo kamili wa kufuatilia selimundu katika ukoo wako

Chukua daftari. Andika jina lako, na mbele yake acha nafasi ya herufi mbili. Fanya hivyo kwa mwenzi wako, kwa kila mtoto, kwa wazazi wa pande zote mbili. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzijaza nafasi hizo kwa uhakika, namna ya kuzisoma zikiwa pamoja, na la kufanya zikikuonyesha jambo zito.

Ninazungumzia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, wengi wetu tunauita sikoseli. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Urithi niliufundisha miaka mingi kwa njegere za Mendel, yule mtawa wa Brno aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, na wanafunzi wangu walifaulu mitihani. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna aliyekuwa amepima. Dada yangu alipokaribia kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, alienda kwenye maabara moja, akatolewa damu kidoleni, akarudi na karatasi yenye neno moja tu: "positive". Tukaambiwa dada ni mgonjwa. Ndugu za mchumba wakataka kurudi nyuma, shangazi akakesha akiwasihi. Na katika kelele zote hizo hakuna hata mmoja, mimi mwalimu nikiwemo, aliyesema: na shemeji naye apimwe. Shemeji alikuwa mzima wa afya, anabeba magunia mpakani Mpondwe kutwa nzima. Nani angemshuku?

Mpwa wangu alitibiwa malaria mara nyingi kabla ya mtu kuuliza swali sahihi. Alikuwa na miaka mitatu tulipopata karatasi tatu za kipimo kamili: dada AS, shemeji AS, mtoto SS. AS ni mbebaji asiyeugua, SS ni mgonjwa; nitaeleza hapa chini. Dada hakuwa mgonjwa hata siku moja. Na shemeji, aliyedhaniwa hana chochote, alikuwa amebeba kitu kilekile anachobeba dada. Makosa mawili yalitoka kwenye karatasi moja, na yote mawili yangezuilika kwa ujuzi unaoenea kwenye kurasa chache. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba jeni huja mbili mbili

Karibu kila chembe ya mwili wako ina kromosomu 46, zilizopangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa mama kupitia yai na nyingine ilitoka kwa baba kupitia mbegu yake. Jeni ni kipande cha kromosomu chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani. Kwa kuwa kromosomu ni mbili, karibu kila jeni unayo mara mbili. Unapozaa, hutoi zote mbili. Unatoa moja, na ni ipi itakayotoka ni bahati tu.

Ukitaka kuona umuhimu wa hizo mbili mbili, angalia mgomba wa matooke nyuma ya nyumba. Matooke yetu yana seti tatu za kromosomu, kumi na moja kila seti, jumla 33. Tatu haigawanyiki sawasawa kwa mbili, kwa hiyo mmea hushindwa kutengeneza mbegu zinazofaa. Ndiyo sababu hung'ati mbegu ngumu ndani ya tooke, na ndiyo sababu tunapanda machipukizi. Watafiti wa kilimo wa Kawanda wanaotaka aina mpya za matooke hufanya kazi kubwa mno kupata mbegu chache. Mbili hugawanyika, tatu hukwama.

Jeni tunayoifuatilia hapa ni ile inayoagiza kutengenezwa kwa hemoglobini, kitu chekundu kinachobeba oksijeni katika damu. Nakala yake ya kawaida tunaiita A. Nakala iliyobadilika na kuleta selimundu tunaiita S. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo wengi wetu ni mmoja wa hawa watatu:

AA: hana jeni ya selimundu.
AS: mbebaji. Ana jeni moja ya S, lakini A iliyo pembeni yake inatosha kumfanya aishi kama mtu mzima wa afya.
SS: ana ugonjwa wa selimundu.

S ni jeni fiche: ikiwa moja, hufunikwa na A iliyo tawala, na ugonjwa hutokea zikikutana mbili. Hapo ndipo penye mtego wote. Jeni fiche inaweza kupita kwa bibi, kwa mama, kwa binti, bila mtu yeyote kuugua, mpaka siku mmoja wao atakapooana na mbebaji mwenzake.

Hatua ya pili: tenganisha herufi hizi na kundi la damu

Nimekutana na mchanganyo huu mara nyingi kiasi cha kuupa hatua yake. Mtu anakuambia, "Mwalimu, mimi nilipimwa, damu yangu ni A, niko salama." Ukimuuliza alipimwa wapi, ni siku alipochangia damu. Huyo ametaja kundi la damu: A, B, AB au O. Hilo ni jeni nyingine kabisa, kwenye kromosomu nyingine, na halisemi lolote kuhusu selimundu. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AS, na mtu wa kundi A anaweza kuwa SS. Kwenye daftari lako andika kundi la damu kwenye ukurasa mwingine, wala usiliweke karibu na herufi hizi mbili.

Hatua ya tatu: pima kwa kipimo kinachotaja herufi zote mbili

Kuna kipimo cha haraka na cha bei nafuu ambacho mpimaji huchanganya tone la damu na dawa inayoiondolea oksijeni, kisha hutazama kwa hadubini kama chembe zinajikunja. Kipimo hicho kinasema tu kama S ipo au haipo. Mwenye AS na mwenye SS wote watatokea "positive". Hapo ndipo dada yangu alipokwama.

Kinachohitajika ni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kinachojulikana zaidi kinaitwa elektroforesi ya hemoglobini: damu hupitishwa umeme, na hemoglobini A na S hutengana kwa sababu haziendi mwendo mmoja. Siku hizi vipo pia vipimo vya kijiti, kama vile vya malaria, vinavyoonyesha A na S kila moja kwa mstari wake. Ukifika dirishani sema hivi: "Nataka kipimo kitakachoniambia kama mimi ni AA, AS au SS." Wakikujibu kwamba wao wanacho kile cha ndiyo au hapana tu, uliza ni wapi sampuli inaweza kupelekwa. Hospitali ya Mulago, Kampala, ina kliniki ya selimundu, na hospitali kubwa za mikoa zitakuelekeza.

Mambo matatu huharibu matokeo, na yote matatu yanaepukika.

La kwanza ni umri. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na hemoglobini ya tumboni, inayoandikwa F, na hiyo hupungua taratibu katika miezi ya mwanzo. Karatasi ya mchanga inaweza kuandikwa FA, FAS au FS. FS ndiyo ya kushughulikia mara moja, kwa sababu maana yake mashine haikuona A. Usiambiwe tu "ni mdogo, subirini akue": kipimo cha mchanga kinawezekana, na kinarudiwa baadaye kwa uthibitisho. Hiyo F ndiyo inayomkinga mtoto mwanzoni, hata dalili zikaanza kuonekana kwenye mwezi wa sita hivi.

La pili ni kuongezewa damu. Mtoto wa SS aliyewekewa damu wiki iliyopita anabeba ndani yake damu ya mtu wa AA, na kipimo kinaweza kumwonyesha kama AS. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Mwambie musawo, yaani daktari, kama mtoto aliwekewa damu na ni lini, naye atakuambia mrudi lini. Kwa kawaida ni baada ya miezi mitatu au zaidi.

La tatu ni majina. Majina ya ukoo wetu yanafanana. Hakikisha jina lako lote, umri na tarehe vimeandikwa kwenye kichupa kabla hujainuka kwenye kiti.

Hatua ya nne: chora ukoo

Mwanamume mchore kwa mraba, mwanamke kwa duara. Mstari wa kulala unaunganisha waliozaa pamoja, mstari wa kushuka unaenda kwa watoto. Anza na watoto wako chini, panda kwako na kwa ndugu zako, panda tena kwa wazazi. Vizazi vitatu vinatosha. Aliyefariki mkate kwa mstari wa mshazari. Aliyethibitishwa kuwa SS mjaze wino wote. Mbebaji mjaze nusu.

Kuchora ni rahisi. Kuuliza ndiko kunakohitaji adabu. Usimwendee bibi ukamuuliza, "Katika ukoo wetu kuna sikoseli?" Atakataa, na ana haki, kwani zamani neno hilo hakulijua. Keti naye, msaidie kumenya matooke, muulize kuhusu watoto aliowazaa, mmoja mmoja kwa majina yao. Kulikuwa na mtoto aliyevimba mikono na miguu akiwa hajaanza kutembea? Aliyekuwa na macho ya manjano? Aliyelia mifupa wakati wa mvua na baridi? Aliyefariki ghafla kwa homa kabla ya miaka mitano? Mama yangu mzazi, nilipomuuliza hivyo, alitaja watoto wawili wa dada yake ambao sikuwahi kusikia kwamba walizaliwa. Aliwataja kwa majina. Niliwachora, mraba na duara, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza, kwa sababu dalili peke yake si kipimo.

Kumbuka kuchora pande zote mbili. Katika koo zetu tuna mazoea ya kuhesabu upande wa baba, lakini jeni haihesabu kabila wala ukoo.

Hatua ya tano: chora mraba wa vyumba vinne

Sasa una herufi za wawili. Chora mraba, ugawe vyumba vinne. Juu ya vyumba andika herufi mbili za baba, moja kila safu. Ubavuni andika herufi mbili za mama. Kila chumba kijaze kwa herufi inayotoka juu na inayotoka ubavuni.

Baba AS, mama AS: chumba cha kwanza AA, cha pili AS, cha tatu AS, cha nne SS. Kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto asiye na S kabisa, 2 kati ya 4 ya mbebaji, 1 kati ya 4 ya mgonjwa.

Mmoja AS, mwingine AA: nusu ya nafasi ni AA na nusu ni AS. Hakuna SS. Ndoa hii haina hofu ya selimundu kwa watoto wenyewe, ingawa watoto nao watahitaji kupima watakapooa.

Mmoja SS, mwingine AA: watoto wote ni AS.

Mmoja SS, mwingine AS: nusu AS, nusu SS. Hapa hatari ni kubwa.

Wote SS: watoto wote SS.

Soma mistari hiyo mitano mpaka uijue bila daftari. Wa tatu huwashangaza wengi. Mtu mwenye SS aliyefika umri wa kuoa anaweza kuzaa watoto ambao hakuna hata mmoja anayeugua, mradi mwenzi wake ni AA. Nimeona mabinti wenye SS wakinyimwa posa kwa madai kwamba "watajaza nyumba wagonjwa". Mraba unasema vingine. Mimba kwa mwenye SS inahitaji uangalizi wa karibu hospitalini, hilo ni kweli, lakini hilo ni jambo jingine.

Hatua ya sita: weka maharage kwenye vikombe

Mraba una kasoro moja: macho yakiona vyumba vinne, akili inahesabu watoto wanne. Watu wanasema, "Tumeshazaa mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata ni wazima." Sentensi hiyo imeleta majonzi mengi, na njia bora niliyoipata ya kuiondoa ni maharage.

Chukua vikombe viwili. Kila kikombe kitie haragwe moja jeupe na moja jekundu. Jeupe ni A, jekundu ni S. Kikombe kimoja ni baba, kingine mama. Fumba macho, toa haragwe moja kila kikombe, yaweke pamoja mkekani, andika ulichopata. Halafu, na hili ndilo la muhimu, rudisha kila haragwe kikombeni mwake kabla ya kuchota tena. Fanya hivyo mara arobaini.

Katika darasa langu la Senior Three mwanafunzi mmoja alitoa mekundu mawili, akarudisha, akatoa mekundu mawili tena, akarudisha, na mara ya tatu vilevile. Alikunja uso, akatazama ndani ya kikombe kama anayetafuta kosa. Nikamuuliza, "Ya nne itakuwaje?" Akasema, "Lazima iwe nzuri sasa, mwalimu." Nikamwambia ainamishe kikombe tuone. Ndani kulikuwa na haragwe moja jeupe na moja jekundu, kama mwanzo. Kikombe hakikumbuki. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu kwamba mama yake aliambiwa yule wa pili angekuwa salama.

Kwa hiyo kila mimba ya wazazi wawili wa AS ni robo ileile, iwe ya kwanza au ya saba. Ukipenda hesabu ya familia nzima, inapatikana kwa kuzidisha. Watoto watatu, wote wasiwe SS: robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kati ya 64, kama 42 kwa 100. Watoto wanne, angalau mmoja awe SS: 175 kati ya 256, kama 68 kwa 100. Zipo familia za wazazi wa AS zenye watoto sita wazima, zipo zenye watatu wagonjwa kati ya watatu, na hakuna hata moja iliyovunja kanuni.

Hesabu moja zaidi, ambayo ningependa kila kijana aijue. Kaka yako ni SS, wewe ni mzima, wazazi wote ni AS. Je, una nafasi gani ya kuwa mbebaji? Wengi hujibu nusu. Rudi kwenye mraba. Chumba cha SS kifute, maana wewe huugui. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni AS. Jibu ni theluthi mbili. Ndugu mzima wa mgonjwa ndiye anayepaswa kwenda kupima kabla ya mtu mwingine yeyote.

S ilitoka wapi? Mutesheni kwa ukaribu

DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C (A hii ni ya DNA, usiichanganye na ile ya hemoglobini), na mwili huisoma tatu tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, na asidi amino zikiungwa kwa mpangilio wake hutoa protini. Ili kuona mutesheni, yaani badiliko katika maandishi hayo, inavyofanya kazi, chukua sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu:

OGA ULE UJI

Badilisha herufi moja, G iwe N: ONA ULE UJI. Bado inasomeka, lakini agizo ni lingine kabisa. Hiyo ni mutesheni ya kubadilisha. Sasa irudie ya kwanza, uifute O ya mwanzo, kisha usome tatu tatu: GAU LEU JI. Kila kitu kimevurugika tangu mahali herufi ilipotoka. Hiyo ni ya kupungua, na herufi ikiongezeka mvurugo ni wa namna hiyohiyo. Yapo pia mabadiliko yasiyoleta tofauti yoyote, kwa sababu baadhi ya asidi amino huitwa kwa zaidi ya tahajia moja.

Selimundu ni ya aina ya kwanza. Jeni iko kwenye kromosomu ya 11. Mahali pa sita katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, badala ya GAG pameandikwa GTG. Herufi moja. Asidi amino inayoitwa glutamiki inaondoka, valini inakaa mahali pake, na hemoglobini ikishatoa oksijeni inaanza kunatana, inajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, chembe laini ya mviringo inavutwa ikawa kama mundu. Chembe hiyo haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, ndipo maumivu. Nayo huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, ndipo upungufu wa damu na macho ya manjano. Mtafiti Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha, mwaka 1956 na 1957, kwamba tofauti yote ni asidi amino moja.

Kosa kama hilo lingetarajiwa lififie. Halikufifia, na sababu yake ilionekana hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo walivyofanya Uganda vikionyesha wabebaji wengi sana mahali fulani na wachache sana kwingine. Miongoni mwa Baamba wa upande wa Bundibugyo, ng'ambo ya milima yetu ya Rwenzori, walizidi theluthi ya watu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaeleza: mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, mtoto wa AS alipona mara nyingi kuliko mtoto wa AA, akakua, akazaa, akapitisha S. Jeni ambayo ikiwa mbili inaua, ikiwa moja inaokoa. Kinga hiyo haimzuii mtu kupata malaria, kwa hiyo mwenye AS naye alale ndani ya chandarua.

Ramani hiyo haijafutika. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2014 na 2015, uliopima sampuli zaidi ya 97,000 za damu za watoto wadogo, 13.3 kwa 100 walikuwa wabebaji na 0.7 kwa 100 walikuwa na ugonjwa. Wilaya ya Alebtong ilifika 23.9 kwa 100. Hata wilaya zenye wabebaji wachache kabisa, chini ya 3 kwa 100, bado zilikuwa nao, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema "kwetu haipo". Ukiishi mahali wabebaji ni 20 kwa 100, na watu wakioana bila kupima, katika kila ndoa 100 ndoa 4 zitakuwa za AS na AS.

Ninakaa kwenye historia hii kwa makusudi. Mama anapoambiwa kwamba mtoto ameugua kwa sababu ya mdomo wake, au mizimu ya kwao, au kwa sababu alimkosea mama mkwe, nataka awe na la kujibu: herufi hii ni ya kale kuliko ndoa zetu zote, na mtoto wa SS ameipokea kutoka pande zote mbili.

Hatua ya saba: karatasi zisipolingana, rudia kabla ya kusema

Mama AS, baba AA, mtoto SS. Kwa mraba haiwezekani. Naomba sana: hapo mtu asimnyooshee mwenzake kidole. Kwanza rudieni vipimo vya wote watatu, kwa elektroforesi, siku moja, sehemu moja. Mara nyingi karatasi ya zamani ilikuwa ya kipimo cha haraka, au vichupa vilibadilishana, au baba alitaja kundi la damu. Halafu ziko jeni nyingine za hemoglobini: mtu mwenye beta thalasemia hana S, lakini akizaa na mbebaji wa S, mtoto anaweza kuugua na kipimo kikamwonyesha kama SS. Haya yachunguzwe na daktari. Ndoa isivunjwe kwa karatasi moja.

Mitindo mingine ya urithi, kwa haraka

Ukishaijua selimundu, ualbino utauelewa siku hiyohiyo, kwani nao ni wa jeni fiche. Wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, wote wabebaji, wanapata mtoto mwenye ualbino kwa robo ileile ya maharage.

Kidole cha sita kwa kawaida hufuata mtindo mwingine: jeni ni tawala, kwa hiyo nakala moja inatosha, na utaona baba, binti na mjukuu wote nacho, ingawa wakati mwingine huruka kizazi.

Hemofilia, ya damu isiyoganda, iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y. Kwa hiyo mama mbebaji hupitisha jeni hiyo, kwa wastani, kwa nusu ya wanawe wa kiume, nao huugua. Baba mgonjwa huwapa mabinti wote ile X, lakini hawapi wana wa kiume, maana wao amewapa Y.

Sindromu ya Down si ya mtindo wowote kati ya hiyo. Mara nyingi hutokea kwa bahati wakati yai linapoundwa, mtoto akapata kromosomu ya 21 mara tatu, na nafasi yake huongezeka umri wa mama unapopanda. Haitafutwi kwenye ukoo kama selimundu.

Hatua ya nane: mkiwa AS na AS

Ikiwa hamjaoana, zungumzeni wawili kwanza, faraghani, kabla ya wazee. Wako wanaoamua kuachana, wako wanaoamua kuoana wakijua. Uamuzi ni wenu, na mimi sitamhukumu mtu kwa lolote kati ya hayo, ila kwa kumficha mwenzake karatasi.

Ikiwa mmeshaoana na mnazaa, kila mtoto apimwe akiwa mchanga. Mweleze mkunga mapema wakati wa kliniki ya wajawazito: "Sisi wote ni AS." Mtoto akithibitishwa SS, haya ndiyo ya kuanza bila kuchelewa, chini ya uangalizi wa kliniki: penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote pamoja na ile ya nimonia, asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria na chandarua kila usiku, maji ya kunywa ya kutosha, nguo za joto. Ulizeni kuhusu hydroxyurea. Dawa hiyo huirudisha ile hemoglobini F ya utotoni, na utafiti uliofanyika Mulago na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba watoto wa hapa, wanaoishi palipo na malaria, wanaweza kuitumia kwa usalama. Mpwa wangu anaitumia. Mwaka jana hakukosa shule kwa muhula mzima mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Huko Uingereza na Marekani, mwishoni mwa 2023, waliidhinisha tiba inayohariri jeni, iitwayo Casgevy. Bei yake Marekani ni dola milioni 2 na zaidi. Ukisikia mtu anauza "tiba ya jeni" mtaani, mkimbie.

Jifunze kushika wengu. Liko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mkunga atakuongoza vidole mara ya kwanza, kisha lishike kila siku unapomwogesha mtoto, ujue ukubwa wake wa kawaida. Siku tumbo likivimba ghafla upande huo na viganja vikawa vyeupe, damu imejikusanya humo, na hiyo si ya kungoja kesho. Vilevile homa ya kuanzia nyuzi 38.5, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili kulegea: pandeni boda usiku uleule. Mlangoni anza na neno hili, kabla ya jina lake: "Huyu ni SS."

Herufi hizo ziandike kwa kalamu isiyofutika kwenye jalada la kadi yake ya chanjo, na nakala ya karatasi ya kipimo ibaki kwa shangazi au jirani anayebaki naye mama anapokwenda sokoni.